Acheni kupiga OS kwa mkono kwenye seva ya mbali

Jamani, hii tabia ya kupiga OS (kusakinisha mfumo endeshi) kwenye seva iliyoko Frankfurt kama vile unapiga window laptopu ya mteja dukani, mimi naona tuiache. Unafungua kwenye brauza konsoli ya iDRAC au iLO, yaani kidude cha Dell au HPE cha kuongoza seva ukiwa mbali, unapachika ISO (faili la CD ya kusakinishia) iliyoko kwenye laptopu yako, unasubiri. Wengi hawajui ile ISO inasomwa kutoka kwako, yaani Ubuntu Server 24.04 ni zaidi ya GB 2 na zote zinapanda kwa bando lako hapo Mwanza mpaka Ujerumani, na kupandisha ndo kwenye spidi ndogo, neti ikikata katikati unaanza upya. Na seva yenyewe iko jirani kabisa na mira za Ubuntu, yaani seva zinazohifadhi nakala za mafaili yake!

Pachika ISO ya iPXE badala yake, hiyo ni programu ndogo ya kuwasha mashine kupitia mtandao, ni kitu cha MB chache tu. Ikishawaka, seva inajivutia kerneli (kiini cha OS), initrd (mafaili ya kuanzia kuwaka) na hiyo ISO kubwa kwa HTTP kutoka mira ya karibu, na kama data senta haitoi DHCP, yaani haigawi anwani za IP yenyewe, unaandika IP kwenye skripti ya iPXE. Bando lako halina habari.

Ila ninachokipigia debe hasa ni faili la majibu, yaani linaloijibu instola maswali yake yote bila wewe kukaa hapo. Debian ni preseed, Red Hat na ndugu zake Kickstart, Ubuntu tangu 20.04 ina autoinstall, inayoandikwa kwa YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa). Partisheni, pakeji, ufunguo wa SSH, vyote mle. Utasikia mtu "aah nina seva mbili tu, hekaheka za nini", kumbe huyo ndo anaihitaji zaidi, mwenye seva mia ana timu, wewe diski ikifa miaka miwili baadae hukumbuki hata uligawaje. Faili likae kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili.

Hofu ya watu ni kufuta diski isiyo yenyewe, na hapo wana haki. Linux inaziita diski sda, sdb na kuendelea, na sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho, kwa hiyo usiandike sda: kwenye autoinstall taja siriali ya diski, kwenye Kickstart weka ignoredisk --only-use na njia ya /dev/disk/by-id, jina la diski lisilobadilika. Halafu kuna lile neno autoinstall kwenye mstari wa kerneli (maagizo inayopewa ikiwaka), bila hilo instola inasimama inauliza yes au no kabla ya kugusa diski, so mi kwa mashine mpya siliweki mara ya kwanza.

Na ukiwasha kwa PXE (kubuti kupitia mtandao), isibaki ya kwanza kwenye kubuti, seva itamaliza, itarebuti, itajipiga tena na tena. Amri ya ipmitool chassis bootdev pxe, inayopita kwenye IPMI (njia ya kuongoza seva ukiwa mbali, hata iDRAC na iLO wanayo), inaagiza mara moja tu, inatosha.

Wengine wanasema si uwaambie sapoti wa data senta wakupigie? Sawa, watapiga, kwa partisheni wanazotaka wao, na paswedi ije kwa imeli. Mi hapana. Afu hiyo IPMI msiiache wazi intaneti, iwekeni nyuma ya VPN, hapo sitaki hata mjadala.