Jamani, nilikuwa nimevaa

Tuanze na hilo: nilikuwa nimevaa. Bukta na fulana. Huyo rafiki yangu aliyewarushia ile sauti kwenye grupu kwamba nimekamatwa uchi nikiwanga anajua vizuri, maana bukta yenyewe ni yake.

Mnanijua na maua yangu. Ninayo ile haibiskasi ya asili ya mwambao wetu, inayoning'inia kichwa chini, petali zimechanikachanika kama pindo la kanga kuukuu. Jirani anayo ile nyekundu ya kawaida, imefurika ukutani hadi barabarani. Huko Hawaii walishazichanganya hizi mbili zamani, wakapata machotara wa kila rangi. Nikasema, Tanga tushindwe na nini, na mmea ni wa kwetu?

Sasa, ua lile hufunguka asubuhi, jioni limesinyaa. Ukichelewa, wadudu wamekuwahi. Ndiyo maana nilikuwa pale alfajiri. (Alfajiri! Mnaoandika "usiku wa manane" mkome.)

Basi nimepiga magoti chini ya ukuta, tochi ya simu mdomoni. Nimelishika ua shingoni, taratibu, kile kimrija cha katikati kimetokeza na vinundu vyake vitano nchani. Napaka chavua kwa brashi ya wanja ya mke wangu, kinundu kimoja kimoja, huku nahesabu kwa kunong'ona. Kisha nafunga uzi. Mwekundu, ndio uliokuwepo nyumbani, msinianze. Kwenye uzi kuna kikaratasi, kwa sababu wanaochanganya maua huandika mama kwanza, halafu baba.

Geti likalia kwiii.

Jirani, ndoo mkononi. Akaitazama tochi mdomoni mwangu. Akautazama uzi. Akakivuta kikaratasi, akakielekeza kwenye taa ya getini, na mumewe nyuma yake ndiyo kwanza anavaa kofia aende msikitini. Akasoma kwa sauti:

"Mama: jirani. Baba: mimi."

Nikaitoa simu mdomoni nijieleze. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, yaliyonitoka ni haya: "Shemeji, ni uzazi tu."

Yaliyofuata mafupi. Maji ya ndoo. Mjumbe. Mke wangu kuapa mbele ya watu kwamba mimi ni mjinga, si mchawi. Maua yamekatwa yote, na uzi wake.

Mwenye haibiskasi nyekundu na mume anayelala hadi saa tatu, anitafute.