Makapi ya shangazi na tasnifu isiyorudi

Shangazi yangu anakamua mawese Simbo, nje ya mji wa Kigoma. Miaka michache iliyopita alifika kijana anayesoma uzamili wa uhandisi. Alikaa siku nne. Alipima chikichi kabla hazijachemshwa, akatumbukiza kipimajoto kwenye pipa, akahesabu mizunguko ya vijana wanaosukuma gogo la kuzungushia mashine, akafunga makapi kwenye mifuko na kuondoka nayo. Siku zote nne alikula kwa shangazi, ugali na migebuka. Mpaka leo shangazi ananiuliza, "Mwanangu, yale makapi yetu yalisemaje?"

Sina jibu, na inaniuma, maana swali lake ni la kitaalamu kabisa. Makapi yakitoka kwenye mashine bado yana mafuta. Ukiyafinya, kiganja chote kinakuwa chekundu. Yanaishia kuwashia moto. Mkamuaji akijua kilichobaki mle, anajua anachopoteza kila siku.

Halafu kuna hili la mbegu. Tangu kampeni ya kufufua michikichi ianze hapa mwaka 2018, wakulima wanahimizwa kupanda aina ya mchikichi iitwayo tenera. Dura, aina yetu ya zamani, ina ganda nene na nyama nyembamba. Tenera ina nyama nyingi na ganda jembamba. Mashine za vijijini zimechomelewa na mafundi waliozoea dura. Je, nafasi kati ya vyuma ibaki ileile? Ganda likipasuka, mise, yaani kokwa za ndani, zikasagika humohumo, mawese yatakuwaje? Huo ni utafiti mzima wa uzamivu, unamngoja mtu. Fundi wa shangazi amekwisha kukata na kuchomelea upya mara mbili, kwa kubahatisha.

Wakamuaji wanajua chikichi zikikaa mno mafuta yanakuwa makali kooni. Mhandisi anajua kwamba ni kimeng'enya kinachovunja mafuta, na kwamba joto la kuchemshia hukiua. Nataka hao wawili wasimame kwenye pipa moja.

Milango ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina BICO, chombo chake cha ushirikiano na viwanda. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha ilianzishwa mahususi kwa masomo ya uzamili na uzamivu ya sayansi na uhandisi. Ila kiwanda kikitajwa, wengi huwaza saruji na bia. Banda la shangazi, lenye mapipa matatu na vijana sita, kwangu mimi ni kiwanda. Najua pia kwamba kutoka Dar hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mwanafunzi hana nauli ya kuja mara mbili. Basi nauli ya kurudi iingizwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, na tasnifu isipitishwe kabla mwenyewe hajarudi kuwaeleza aliowapima, kwa Kiswahili, mashine ikiwa mbele yao. Na fundi wa kuchomelea aitwe chuoni japo wiki mbili, aingie karakana, aulizwe na yeye aulize.

Msimu huu shangazi ameweka makapi kando, kwenye ndoo yenye mfuniko. Akija mwanafunzi mwingine atampa, lakini safari hii anasema ataandika namba yake ya simu juu ya kila mfuko.