Soksi Zenye Dirisha Mjini Kyoto

Kwanza nunueni soksi. Wazee wenzangu hapa barazani wananiuliza, "Eti mtu akifika huko Kyoto, Japani, afanye nini?" Wanataraji niwatajie mahekalu na maua. Nami nawaambia soksi. Jozi saba, mpya, zisizo na dirisha.

Mimi nilikwenda na jozi tatu, na moja ilikuwa imefunguka kidogo pale mbele, kwenye dole gumba. Kwa hapa Tanga hiyo ni soksi nzima. Nani anachungulia ndani ya kiatu cha mtu? Kyoto unavua hekaluni, unavua nyumba ya wageni, unavua mgahawani, unavua hadi kwenye ngome ya mtawala. Siku ya kwanza nilivua viatu mara tisa. Mara tisa dole gumba langu lilitoka kuwasalimia Wajapani, na kwa adabu zao hakuna hata mmoja aliyelitazama. Wote macho ukutani. Sasa watu kumi wakiutazama ukuta mtupu kwa pamoja, si umejua wameliona?

Safari yenyewe sikuitafuta. Binti yangu Rukia alikuwa akisoma huko, akamaliza, mahafali yakawa mwezi wa Machi. Ukoo ukachanga, tukapanda ndege, mimi na mama yake. Mama Rukia alikuwa na soksi mpya. Hilo lishikeni, maana safari nzima ilikwenda hivyo: yeye anajua, mimi nachekwa. Au tuseme sichekwi. Afadhali ningechekwa.

Tulilala siku mbili kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji, wenyewe wanaiita ryokan. Nimeingia chumbani: mikeka, meza fupi kama ya kuchezea bao, basi. Kitanda hakuna. Nikamwambia Rukia, "Mwanangu, tumeibiwa." Kumbe magodoro yako kabatini, usiku anakuja mtu kuyatandika sakafuni. Hela za kulala chini! Mimi nimelala kwenye mkeka utotoni kwa marehemu bibi, tena bure, na hadithi juu.

Halafu kuna kandambili. Ukivua viatu mlangoni unapewa kandambili za ukumbini, za mguu wa mtoto wa darasa la tano, kisigino chote kiko nje. Ukifika kwenye mikeka unazivua. Ukienda msalani unaziacha nje, unavaa nyingine za msalani tu, na ukitoka unazirudisha. Rukia alinieleza taratibu, nami nikaitikia kama ninavyoitikia hotuba ya mkutano wa mtaa.

Jioni tukaitwa chakulani. Wameniwekea joho la pamba, yukata, nikalijifunga mwenyewe, upande wa kulia juu ya wa kushoto, nikaukaza mkanda, nikashuka naringa. Kina mama wahudumu wakaganda na masinia mikononi. Nikadhani nimependeza. Rukia akaja mbio, uso umebadilika.

"Baba, umevaa kama maiti."

Huko upande wa kushoto ndio unakaa juu. Wa kulia ukikaa juu, huyo ni marehemu anayesubiri kupelekwa. Nikaanza kuugeuza pale pale, na Mama Rukia, badala ya kunisaidia, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Rukia, tazama na miguuni." Nikatazama. Zile kandambili za msalani.

Basi, marehemu aliyetokea chooni akaketi kula.

Na chakula chenyewe! Kinakuja kidogo kidogo kama mshahara wa kibarua. Kisahani cha kwanza, kipande cha samaki ukubwa wa stempu. Cha pili, tofu moja, yaani kipande cha maziwa ya soya yaliyogandishwa, imekaa peke yake katikati ya bakuli kama yatima. Cha tatu, kitu cha kijani na jani zuri pembeni. Jani nikalila. Lilikuwa pambo. Muda wote huo mimi nangoja wali. Mtu wa Pwani usimwonyeshe samaki bila kumwonyesha wali, moyo unakosa pa kukaa. Nikahesabu visahani tisa. Wali ukaja mwishoni kabisa, na achari na supu, wakati watu wanakunja miguu kuondoka. Kwao wali ni kama risiti.

Nimesema nikahesabu. Ndiyo kazi iliyonizeesha: karani wa ghala, miaka 31, magunia ndani, magunia nje, hesabu mezani. Ndiyo maana yaliyonikuta kwenye bustani ya hekalu la Ryoan-ji hayajaniondoka hadi leo.

Bustani yenyewe haina ua, haina mti, haina nyasi ukitoa kuvumwani kidogo chini ya mawe. Ni changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki, mita 25 kwa 10 hivi, na mawe. Watu wameketi kibarazani kimya wanayatazama. Rukia akaninong'oneza, "Mawe ni 15, Baba." Nikahesabu. 14. Nikahesabu tena kwa kidole. 14. Nikasogea kushoto, yakawa 14, lakini lile nililolikosa mwanzo sasa lipo, na jingine limetoroka. Nikarudi kulia. 14.

"Ndivyo ilivyopangwa," Rukia akasema. "Ukikaa popote kibarazani, moja lazima lijifiche."

Jamani. Miaka 31! Mimi gunia moja lisipoonekana, mshahara ulikatwa. Sijawahi kuruhusiwa kumwambia bosi kwamba gunia la 15 lipo, ila limejificha nyuma ya wenzake ili atafakari. Nikaanza kutembea kibarazani kwenda na kurudi, najaribu kuyabana yote kwa mkupuo. Nikachuchumaa. Nikasimama kwa ncha za vidole, dole gumba lile likatoka lote. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kijapani ameketi pembeni, ametulia. Kila nikipita mbele yake anainamisha kichwa kidogo, na mimi nainamisha. Tumesalimiana hivyo mara nane. Mwishowe akanyanyuka, akanisogelea, akanionyesha vidole vinne, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda zake. Nimeelewa: na yeye lilikuwa limempotea.

Hekalu la dhahabu, Kinkaku-ji, tumelipita haraka. Huingii ndani, unalitazama ng'ambo ya bwawa, unapiga picha, unasukumwa na wa nyuma. Ghorofa mbili za juu zimepakwa dhahabu kweli. Kilichonishika ni habari yake: mwaka 1950 mtawa kijana alilichoma moto, likateketea, na 1955 lilikuwa limesimama tena. Miaka mitano. Mimi choo changu cha nje naingia mwaka wa saba, na hakijachomwa na mtawa.

Ngome ya Nijo nayo, ya mwaka 1603. Humo sakafu zinalia. Ukikanyaga zinatoa mlio kama ndege, nao wanaziita sakafu za ndege mwimbaji. Inasemwa zilimlinda mtawala, maana adui akinyata usiku anasikika. Watu wanakunja shingo kusikiliza, wanatabasamu. Kitanda changu kinalia hivyo hivyo tangu 1998, wala hakuna aliyewahi kunilipa kiingilio.

Kilichonichosha hasa ni ukimya. Kwenye basi unapanda kwa mlango wa nyuma, unashuka kwa mbele, unalipa yeni 230 wakati wa kushuka, na humo kote hakuna anayesema kitu. Basi limejaa, limebanana, kimya kama mtihani. Simu yangu ikalia. Shemeji, kutoka Muheza, kuhusu mbuzi. Nami nikaitikia kwa sauti ya simu ya mbali, "HALOOO! MBUZI KAFANYAJE?" Basi zima likainama kutazama sakafu. Hata dereva nadhani alitaka kuinama.

Gion, mtaa ule wa nyumba za mbao wanakopita wale akina dada wasanii wa ngoma na chai, waliojipaka poda nyeupe, kuna vichochoro vya watu binafsi na vibao: ukipiga picha humo, faini yeni 10,000. Nikaipiga kwa shilingi kichwani. Simu nikaizima kabisa, isije ikajipiga yenyewe.

Na mapipa ya taka! Hayapo. Nilimenya chungwa asubuhi, nikatembea na maganda mfukoni hadi usiku. Nimepanda nayo Fushimi Inari, kule kwenye malango mekundu karibu 10,000 yaliyopangana kupanda mlima wa mita 233. Rukia alisema "kidogo tu, Baba." Kidogo cha mtu aliyezaliwa mwaka 2000. Kila lango limetolewa na mtu au kampuni, jina limeandikwa upande wa nyuma pamoja na tarehe. Hapo nikajisikia nyumbani kidogo, kama daftari la michango ya harusi, ila hili linasomeka na wote na hakuna aliyeandika "ahadi".

Kiyomizu-dera tulikwenda kwa miguu, kupitia ngazi za mawe za Sannenzaka. Tukiwa katikati, ndipo Rukia akanieleza kwamba wa kale wanasema ukianguka hapo unakufa ndani ya miaka mitatu. Katikati! Si chini kabla hatujaanza! Nilimaliza zile ngazi nimekumbatia ukuta. Juu kuna hekalu na jukwaa la mbao lililotokeza hewani, kimo cha mita 13. Zamani watu walikuwa wanaruka kutoka hapo ili dua zao zijibiwe. Kumbukumbu zimehesabu 234 waliojirusha enzi za Edo (1603 hadi 1868), wengi wakapona, hadi serikali ikapiga marufuku 1872. Mpaka leo mtu akijitosa kwenye jambo kubwa wanasema ameruka jukwaa la Kiyomizu. Nami karani, nikakaa nawaza: nani alikuwa chini na daftari?

Chini yake kuna maji yanayomwagika mikondo mitatu: mmoja wa maisha marefu, mmoja wa masomo, mmoja wa mapenzi. Unakinga kwa kata yenye mpini mrefu. Nikataka yote matatu, maana foleni nimepanga moja. Rukia akanivuta mkono: kunywa yote ni tamaa. Mimi maji nayajua ni maji, na mwenye kutoa umri ni Mungu. Lakini Mama Rukia alikunywa mkondo mmoja, akafuta midomo kwa mtandio, na hadi leo hajaniambia ni upi.

Siku ya mwisho tukaitwa chai kwa mama mwenye nyumba wa Rukia, bibi wa makamo, nadhifu, mtu wa Kyoto haswa. Jiji lile lilikuwa makao ya mfalme tangu mwaka 794 kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu wake wanajulikana Japani nzima kwa maneno ya kuzunguka. Mimi sikujua. Nilikuwa nimemsimulia habari za bandari, za mbuzi, za mawe 14, Rukia akitafsiri. Bibi akasema, "Baba yako ana sauti yenye afya." Nikashukuru, nikaiongeza. Baadaye akauliza kwa upole kama tungependa atuletee bubuzuke.

"Bubuzuke ndiyo nini?"

"Wali," Rukia akasema, jasho linamtoka, "unamiminiwa chai. Lakini Baba..."

Wali! Wiki nzima nangoja wali uje mwanzo! "Mwambie alete," nikasema, "tena asione haya kujaza."

Bibi akatabasamu, akaingia jikoni. Alikaa sana huko. Mama Rukia alikuwa amejifunika mtandio mdomoni, mabega yanacheza. Wali ukaja, nikala, nikaomba wa pili.

Njiani ndipo nikaelezwa. Kwa watu wa Kyoto, ukiulizwa bubuzuke maana yake saa imekwenda, vaa viatu. Siku hizi inasimuliwa zaidi kama mzaha, Rukia alisema, ila yule bibi ni wa kizamani. Unatakiwa useme hapana asante, tunaondoka. Sasa huo ni ustaarabu gani? Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe, lakini jembe angalau unaliona.

Tumerudi Tanga. Juzi jirani yangu mmoja kaja kutazama mpira, mpira umekwisha, taarifa ya habari imekwisha, saa tano usiku yumo tu. Nikakumbuka. Nikajiweka sawa, nikatabasamu kama yule bibi, nikasema kwa upole, "Jirani, nikuletee wali kidogo na chai?"

Akavua viatu. Soksi yake ina dirisha kubwa kuliko langu.

"Lete," akasema. "Kachumbari ipo?"