Watakatifu wa Koo za Kifalme za Waanglia-Saksoni: Siasa au Ibada?

Karibu kila ukoo wa kifalme wa Waanglia-Saksoni, waliotawala falme mbalimbali za Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, ulikuwa na watakatifu wake. Mfano ulio wazi zaidi ni nyumba ya mfalme Anna wa Anglia Mashariki, mwanamume licha ya jina lake, aliyetawala katika karne ya 7. Binti zake Seaxburh na Æthelthryth, mjukuu wake Eormenhild na kitukuu wake Werburh, wote waliheshimiwa kuwa watakatifu. Wako wanahistoria wanaosema kwamba utakatifu huo ulikuwa chombo cha kutawalia, na wako wanaosisitiza kwamba ulitokana na imani ya kweli ya watu ambao Ukristo ulikuwa bado mpya kwao. Ninaona hoja ya kwanza ina nguvu, lakini ikiachwa peke yake haitoshi kueleza yaliyotokea.

Nguvu yake inaonekana katika monasteri ya Ely, iliyoanzishwa na Æthelthryth mwaka 673. Alipofariki mwaka 679, dada yake Seaxburh, mjane wa mfalme wa Kent, alichukua nafasi yake ya uongozi, na miaka 16 baadaye aliamua kuihamishia maiti ya Æthelthryth ndani ya kanisa. Mmonaki Bede, aliyeandika habari hizi mwaka 731, anasimulia kwamba wamonaki walitumwa kwa mashua kutafuta jiwe la jeneza, wakalipata jeneza la marumaru nyeupe, pamoja na kifuniko chake, katika magofu yaliyo karibu na mji wa leo wa Cambridge. Hema lilisimamishwa juu ya kaburi, na Seaxburh akaingia na watu wachache kulifungua. Tabibu Cynefrith, aliyekuwa amepasua uvimbe chini ya taya ya marehemu siku tatu kabla ya kifo chake, alishuhudia kwamba maiti haikuoza na kwamba mahali pa jeraha palibaki kovu hafifu tu. Ni vigumu kutoona faida aliyoipata Seaxburh: ukoo wake ulibaki na monasteri, ardhi yake, na mtakatifu wa damu yao katikati ya kanisa.

Hata hivyo, maisha ya Æthelthryth mwenyewe yanakwenda kinyume na hesabu za ufalme. Aliolewa na Ecgfrith wa Northumbria, akakaa naye miaka 12 bila kukubali kuuvunja ubikira wake. Bede anasema aliambiwa na askofu Wilfrid kwamba mfalme alimwahidi ardhi na fedha nyingi iwapo angemshawishi malkia abadili nia. Ahadi hiyo haikuzaa kitu, na mfalme hakupata mrithi kwake. Utakatifu huu uliinufaisha nyumba ya baba yake huku ukiinyima nyumba ya mumewe kile ambacho ndoa ya kifalme ilikusudiwa kuleta.

Habari za mfalme Oswald wa Northumbria zina uzito zaidi. Aliuawa vitani mwaka 642 na jeshi la mfalme Penda wa Mercia. Baadaye Osthryth, binti wa ndugu wa Oswald, aliyeolewa na Æthelred, mwana wa Penda huyohuyo, alitaka mifupa ya Oswald ihifadhiwe katika monasteri ya Bardney. Wamonaki walikataa kuipokea kwa sababu Oswald aliwahi kuwatawala akiwa mgeni, hata gari lililobeba mifupa likalala nje usiku kucha. Walikubali, kwa maelezo ya Bede, baada ya nguzo ya nuru kuonekana juu ya gari hilo. Malkia alikuwa na cheo, lakini cheo hakikutosha kufungua mlango, na mwaka 697 aliuawa na wakuu wa Mercia. Wakati huohuo, pale alipoanguka Oswald, watu walichota udongo na kuutia katika maji ya kuwanywesha wagonjwa, mpaka likabaki shimo la kimo cha mtu. Naupa ushahidi huu uzito mkubwa, kwa kuwa wachotaji hao hawakuwa na kiti cha enzi cha kulinda.

Watakatifu waliouawa wanazidisha ugumu. Mfalme Edward wa Uingereza aliuawa mahali paitwapo Corfe mwaka 978, na nduguye wa kambo Æthelred, aliyekuwa bado mtoto, akarithi ufalme. Hakuna aliyeadhibiwa. Lakini sheria za Æthelred za mwaka 1008 ziliamuru sikukuu ya Edward iadhimishwe kote nchini tarehe 18 Machi. Wengine wanaona hapo mfalme akijisafisha, nami naona pia ibada iliyokuwa imekua kiasi kwamba mfalme hakuweza kuipuuza. Mfalme Edmund wa Anglia Mashariki, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, alipata heshima ya ajabu zaidi: kabla ya miaka 50 kupita, sarafu zenye jina la Mtakatifu Edmund zilikuwa zikitengenezwa katika eneo lililotawaliwa na Wadenmark wenyewe.

Maelezo ya kisiasa yanamfaa vizuri zaidi mfalme mwingine wa Uingereza, Edward Muungamaji, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Alexander III mwaka 1161, wakati mfalme Henry II alipoihitaji heshima ya watangulizi wake. Karne kadhaa kabla ya hapo hapakuwa na utaratibu kama huo. Mtakatifu alihitaji mifupa, monasteri iliyokubali kuitunza, askofu asiyepinga, na watu waliokuja kuomba kaburini. Mfalme angeweza kutoa ardhi na jeneza, lakini waombaji walikuja kwa hiari yao.