Kitabu kipya cha kitaaluma, anzia mwisho

Ukipata kitabu kipya cha sayansi, teknolojia, sanaa au jamii, achana kwanza na sifa zilizochapwa nyuma ya jalada. Hizo zimewekwa pale ili kiuzwe. Fungua kurasa za mwisho usome faharasa, yaani orodha ya maneno na namba za kurasa yanapozungumziwa. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho, na inauma kuona vitabu vilivyofanyiwa utafiti wa miaka mingi vikitoka bila faharasa, au na faharasa ya kulipua.

Chukua kitabu kinachohusu historia ya umeme. Faharasa ya kulipua itaandika: "transfoma, 12, 19, 33, 47, 58, 71, 90, 104, 131". Namba tisa, na hujui hata moja inakupeleka kwenye nini. Aliyekisoma kitabu kwa makini angeandika: "transfoma: hasara ya nguvu katika, 33, mafuta ya kupoozea, 47, uvumbuzi wa, 12–19, wizi wa, 104". Kanuni ya mafundi wa kazi hii ni kwamba namba zikizidi tano au sita, neno ligawanywe. Urefu nao unasema jambo: kitabu cha kurasa 300 kwa kawaida huhitaji kurasa 9 hadi 15 za faharasa. Ukikuta mbili, tena zimejaa majina ya watu tu, ujue hoja zimeachwa nje.

Kasoro nyingi zinatokana na muda. Faharasa haikamiliki mpaka kurasa zipangwe, na hapo mwandishi ameshachoka, kiwanda cha uchapaji kinasubiri, na mara nyingi mkataba unamtaka alipie kazi hiyo mwenyewe. Halafu mchoro mmoja wa sura ya nne unaongezwa ukubwa, maandishi yanasogea ukurasa mzima, na kila namba inayofuata inakuwa ya uongo. Jaribu maneno matano, hasa yanayoelekeza nusu ya pili ya kitabu. Mawili yakikosea kwa tofauti ileile ya ukurasa mmoja, namba zilichukuliwa kwenye mpangilio wa zamani.

Wapo wanaodai kwamba katika kitabu cha kidijitali kisanduku cha kutafutia kinatosha. Kwa Kiswahili hakitoshi kabisa. Tafuta "kilimo", utakosa "wakulima", "kulima" na "walilima". Punguza uandike "lima", utaletewa milima yote ya kitabu, na "kilimo" chenyewe kitabaki nje. Punguza tena iwe "lim", uokote walimu, elimu, ulimi na ulimwengu. Lugha yetu hubadilisha maneno mbele na nyuma. Mashine inayolinganisha herufi haiwezi kujua kwamba ukurasa unaozungumzia jembe, mbolea na mavuno ni wa kilimo hata kama neno lenyewe halimo. Mtu anajua. Ndiyo maana kitabu cha Kiswahili kinahitaji faharasa kuliko cha lugha nyingine nyingi.

Baada ya hapo pitia tanbihi, yale maelezo ya vyanzo chini ya ukurasa au mwishoni. Dai moja likitegemea kitabu kizima cha kurasa 400 bila kutaja ukurasa, hilo bado halijathibitishwa. Kiungo cha intaneti kisicho na tarehe ya kusomwa kinaweza kufa na ushahidi wake. Kwenye vitabu vya sanaa, soma maelezo chini ya picha: vipimo, malighafi iliyotumika, mwaka, mahali kazi inapohifadhiwa. Bila vipimo, kito cha kiganjani na mchoro wa ukuta mzima huonekana sawasawa kwenye karatasi.

Mwandishi unayekaribia kusaini mkataba, uliza sasa: nani analipia faharasa, na utapewa siku ngapi kati ya kurasa kupangwa na kitabu kwenda mtamboni? Omba wiki tatu, ziandikwe. Uombe pia kwamba baada ya faharasa kuanza, hakuna picha itakayosogezwa bila wewe kuarifiwa.