Marubani wameisha, sasa sahihi zao zitapanda bei kweli?

Tangu John Hemingway afariki tarehe 17 Machi 2025, akiwa na miaka 105, kuna maneno nayasikia sana kwa wauzaji wa printi, yaani picha za kuchapwa, za ndege za kivita zenye sahihi za marubani. Hemingway, mzaliwa wa Dublin, ndo alikuwa wa mwisho anayejulikana kati ya karibu watu 3,000 walioruka upande wa Uingereza kwenye Battle of Britain, ile vita ya angani na Wajerumani ya Julai mpaka Oktoba 1940. Basi wauzaji wanasema hakuna tena wa kusaini, nunua sasa kabla bei haijapaa. Mi nazipenda hizi picha, ninazo tatu ukutani, ila hiyo hesabu yao naona haijakaa vizuri.

Kwa asiyezijua: mchoraji kama Robert Taylor au Nicolas Trudgian anachora kwa rangi, tuseme Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, inaifukuza Messerschmitt ya Wajerumani juu ya Kent kule Uingereza, halafu zinachapwa nakala mia kadhaa, kila moja inaandikwa namba yake kwa penseli pembeni, mchoraji anasaini, na jirani yake wanasaini wazee waliokuwepo vitani wenyewe. Wanatumia penseli kwa sababu wino wa aina nyingi unapauka na penseli haipauki. Biashara ilichangamka miaka ya 80 na 90, marubani walikuwa wameshastaafu, wana muda, na mikono bado haijaanza kutetemeka.

Haya, ni kweli sahihi haziongezeki tena. Lakini hazipungui pia! Printi iliyotolewa nakala 1,000 mwaka 1990 leo zipo karibu zote, maana nani anachana picha aliyoilipia fremu. Wanaopungua ni wanunuzi. Wengi walikuwa wababa wa Uingereza na Marekani waliokua wakigundisha vindege vya plastiki vya Airfix, sasa na wao wanazeeka na kuondoka kama marubani walivyoondoka, watoto wanabaki na nyumba yenye Spitfire kumi na mbili kwenye fremu na hakuna anayezitaka, wanazipeleka mnadani zote kwa mkupuo. Nimeshaona printi yenye sahihi nne ikiuzwa kwa hela ambayo hata fremu na kioo chake usingepata ukienda kutengenezesha leo. Kwahiyo anayenunua ili aje auze apate faida, mi namwambia akanunue kiwanja.

Ila ukitoa pesa pembeni, hoja ya wanaozipenda ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Mchukue Douglas Bader, rubani wa Uingereza. Alipoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya ndege 1931, akarudi kurusha kwa miguu ya bandia, Agosti 1941 akaangukia Ufaransa mikononi mwa Wajerumani, na Adolf Galland, kamanda wa adui, akamkaribisha kambini kwake na kumwacha aketi kwenye kiti cha rubani cha Messerschmitt. Baada ya vita wakawa marafiki. Sasa zipo printi zilizosainiwa na watu wa pande zote mbili, waliokuwa wakiwindana angani, majina yamekaa pamoja kwenye ukingo mweupe wa karatasi moja. Kitabu kitakusimulia hiyo stori vizuri tu, lakini hapa mkono wenyewe ulipita, na mimi hicho kitu kinanigusa, siwezi kujifanya hakinigusi.

Lakini hapo hapo kwa Galland ndo penye mgogoro, kwa sababu alikuwa jenerali wa Hitler. Wajerumani wenzake, Erich Hartmann alidungua ndege 352, Günther Rall 275, hakuna Muingereza wala Mmarekani anayekaribia, na sahihi zao zinatafutwa kweli kweli. Wanaotetea wanasema walikuwa wanajeshi tu, angani kulikuwa na heshima. Sawa, angani. Ila ile heshima ya angani ilikuwa inalinda utawala uliokuwa unachinja watu chini, na picha yenye mawingu mazuri na jua la jioni haikuonyeshi hilo hata kidogo. Mi sisemi zichomwe, nasema mtu akiniambia ameitundika kwa ajili ya historia tu, basi nitamuuliza ukutani kwake kuna nini kingine.

Kuna jambo lingine watu hawaligusi. Soko hili linampa thamani aliyeishi muda mrefu. Pat Pattle, kijana wa Afrika Kusini anayehesabiwa kati ya marubani hatari kabisa wa upande wa Uingereza, aliuawa juu ya Ugiriki Aprili 1941, vita ambayo hata Roald Dahl alikuwemo, yule mwandishi wa vitabu vya watoto aliyetoka kwenye kazi ya Shell Dar es Salaam akaenda Nairobi kujiunga. Pattle hakusaini printi yoyote. Paddy Finucane, rubani mwingine hodari wa upande huo huo, alikufa 1942 na miaka 21, naye hakusaini. Mwenzao Sailor Malan aliishi mpaka 1963, bado biashara haijaanza. Na fundi aliyekesha akibadilisha injini gizani ndo kabisa, wanaomwita kwenye meza ya kusaini ni wachache.

Na kitu cha kuchekesha, David Shepherd, mchoraji aliyeanza na ndege, RAF, jeshi la anga la Uingereza, walimpeleka Kenya 1960 na wenyewe wakataka awachoree wanyama, ndege wanaziona kila siku za nini tena! Tembo ndo wakamtoa kimaisha. Sisi tusiowahi kupigwa risasi angani ndo tunaotaka Spitfire sebuleni.

Kwa hiyo mimi nikinunua naangalia jina kwanza. Charles McGee wa Tuskegee, kile kikosi cha marubani weusi wa Marekani, aliyeruka misheni 409 kwenye vita tatu, akafariki 2022, sahihi yake naitafuta na sijali itakuja kuuzwa shilingi ngapi.

Ila usifanye kama mimi. Printi yangu ya kwanza nilinunua kwenye mnada mmoja mdogo, wameandika ina sahihi, nimefika nayo nyumbani nikaweka lenzi, sahihi yenyewe ni vidoti vidoti, imechapwa pamoja na picha! Penseli halisi ukiinamisha karatasi kwenye taa inang'aa kidogo kama kijivu cha risasi. Ukishaipata yenye ukweli usiitundike panapopiga jua la mchana, majina yatabaki vilevile lakini lile anga la bluu na ndege yake litapauka mpaka liwe kama maji ya mchele.