Obama kabla ya Ikulu: miaka ya Springfield

Huku kwetu Obama akitajwa, simulizi huanzia Kogelo na kurukia moja kwa moja Ikulu ya Marekani. Katikati inasahaulika karibu miaka minane, 1997 hadi 2004, aliyokuwa seneta wa jimbo la Illinois, akienda na kurudi kati ya Chicago na Springfield, makao makuu ya jimbo hilo.

Namna alivyoingia bado inabishaniwa. Alice Palmer, aliyeshikilia kiti hicho, aliamua kugombea Bunge la Washington, na Obama akapata baraka zake za kumrithi. Palmer akashindwa mwishoni mwa 1995, akataka kiti chake tena. Obama akagoma kumpisha. Watu wake wakazichambua fomu za wadhamini wa Palmer jina kwa jina: huyu kaandika jina badala ya kutia sahihi, yule anaishi nje ya eneo. Zilitakiwa sahihi halali 757, hazikutimia. Palmer akajitoa, wapinzani wengine watatu nao wakaenguliwa vivyo hivyo, na kwenye mchujo wa 1996 wa chama chao, Democratic, Obama akabaki peke yake.

Watetezi wake husema sheria ni sheria, na kweli hakughushi chochote. Lakini huyu ndiye aliyeongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura Chicago mwaka 1992. Kuwaandikisha watu, kisha kuwaachia jina moja tu la kuchagua? Hapo mimi simtetei.

Kura zake za "nipo", yaani si ndiyo wala siyo, karibu 130 kati ya maelfu, nazo zilimwandama hadi kampeni za 2008, akiitwa mkwepaji. Lawama hii naiona nyepesi. Illinois muswada hupita kwa kura 30 za maseneta 59, hata wasiohudhuria wanahesabiwa humo, kwa hiyo "nipo" huuzamisha sawa na "hapana". Wenzake waliitumia pia.

Kilichombadilisha, naamini, ni kipigo. Mwaka 2000 aligombea kiti cha Bobby Rush, mbunge wa Chicago katika Bunge la Washington, akagaragazwa, kura mbili kwa moja. Wakili huyu wa Harvard mwenye maneno mengi akazidi kuzoea kusikiliza, pengine hata kwenye meza ya karata alikocheza na maseneta wa vyama vyote, dau likiwa dola chache.

Chama chake kilipopata wingi mwaka 2003, Emil Jones, rais wa Seneti, alimkabidhi miswada ambayo wengine walikuwa wameitolea jasho. Wakanung'unika, na walikuwa na haki. Lakini ule wa kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji aliuhangaikia mwenyewe. Jimbo hilo lilikuwa limekuta watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa. Polisi walikuwa wakiupinga, waendesha mashtaka pia. Akakaa nao, akabadilisha kifungu hiki, akalegeza kile, na siku ya kupiga kura katika Seneti hakuna aliyeukataa.